Mkono wa Stamili na Jalada la Waridi

Sogeeni, na kama mna chungu jikoni kiacheni kichemke taratibu.

Palikuwa na nchi moja. Iko upande gani, msiulize, kwani hata ramani yake ilikuwa haijatoka. Ilikuwa mezani kwa mkubwa fulani, na yule mkubwa alikuwa semina. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi nzuri yenye sheria nzuri, na katika sheria zake zote hakuna iliyopendwa kama Sheria ya Kumlinda Mfanyakazi Aliyeumia Kazini. Ilikuwa na vifungu mia mbili na kumi. Ilikuwa na wimbo wake. Ilikuwa na siku yake ya mapumziko, ambapo wafanyakazi waligawiwa fulana na kutembezwa juani kutwa nzima kushangilia jinsi wanavyolindwa. Waliozirai kwa jua hawakuhesabiwa kuwa wameumia kazini, maana siku hiyo ilikuwa ya mapumziko.

Katika nchi hiyo kulikuwa na kiwanda cha majalada. Msikicheke. Serikali ile haikupiga hatua bila jalada. Mtoto akizaliwa, jalada. Mzee akifa, jalada. Ng'ombe akivuka barabara kuu, majalada mawili, moja la kwendea na moja la kurudia. Na yote yalitoka kwenye mashine moja tu, chuma cheusi chenye bamba zito linaloshuka juu ya karatasi ngumu, linaikunja, linaipiga nembo ya taifa, linapanda tena. Mbele ya bamba hilo, kwa miaka kumi na miwili, alisimama Stamili Kondo akipanga karatasi.

Stamili alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mchache wa maneno kiwandani. Maneno yake aliyaweka nyumbani, kwenye mikeka. Jioni akivua sare alikaa chini akasuka ukili mpaka mgongo uombe ruhusa, na mikeka yake ilijulikana kata nzima. Mtu akioa alikwenda kwanza kwa Stamili, halafu ndiyo kwa shehe. Sasa, ukili husukwa na vidole. Na katika mkono wa kulia wa Stamili vidole vilivyojua kazi ile ni vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Vile viwili vingine, alikuwa akisema mwenyewe, vilikuja kutembea tu.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, bamba lilishuka kabla ya zamu yake na likavikuta vidole vitatu vile vile.

Stamili hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa nguvu mpaka vishikizo vya sare vikalia. Aliyepiga kelele ni Mama Ubwa, rafiki yake wa meza ya pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu majalada na kusema ukweli bila kuombwa. Alirukia kitufe chekundu, mashine ikanyamaza.

Bamba halikukata. Halikuvunja. Lilishika tu, kama mkono wa mtu anayekudai. Na kulifungua ilikuwa kazi ndogo: pembeni mwa mashine kulikuwa na gurudumu la chuma, ukilizungusha mara mbili kurudi nyuma, bamba linapanda. Gurudumu lenyewe lilikuwa usawa wa nyonga ya kushoto ya Stamili. Angeweza kulifikia bila hata kujinyoosha.

Mama Ubwa alikwisha kulishika.

"Usiguse!"

Alikuwa ni Meneja, Bwana Fidelisi Makarai, anakuja mbio na kitabu cha Sheria kikiwa bado kwenye nailoni yake. Alikichana kwa meno, akafunua, akasoma huku anahema:

"Kifungu cha kumi na nne. Mashine iliyomwumiza mfanyakazi isiguswe na mtu yeyote, akiwemo aliyeumia, mpaka Mkaguzi aione kama ilivyo, ili haki ya aliyeumia isipotee. Atakayeigusa kabla ya hapo, haki hiyo imepotea na kazi yake pia." Akafunga kitabu, akamtazama Stamili kwa huruma kubwa. "Unaona, dada? Ni kwa ajili yako."

"Naona, Meneja," akasema Stamili. "Lakini vidole vinaniuma."

"Lazima viume. Visipouma utaiambia nini Bodi ya Fidia?" Akageuka. "Na wewe, Mama Ubwa, nani kakuruhusu kubonyeza kitufe?"

"Nilikibonyeza kabla ajali haijawa ajali, bosi. Ilikuwa bado ni kelele."

Meneja alilifikiria hilo, akaona linaweza kumfikisha mbali, akaliacha. Ukaletwa utepe wa njano, wakaizungushia mashine na Stamili humo humo, kama bwana harusi anavyozungushiwa ndugu asitoroke.

Stamili alilitazama gurudumu. Alimkumbuka Mzee Hatibu wa mashine ya gundi, ambaye mwaka juzi alijitoa mwenyewe. Alitoka na mkono mzima, akakosa fidia, akakosa kazi, na mpaka leo akipita mbele ya kiwanda mlinzi hugeuza uso, asije akashtakiwa kwa kumsalimia. Basi akauondoa mkono wake wa kushoto karibu na gurudumu, akaushika kiunoni. Akangoja kulindwa.

Mkaguzi alifika siku ile ile, na hilo peke yake lilikuwa tukio. Kwa kawaida Mkaguzi wa Bodi ya Fidia hufika baada ya miezi sita, akamkuta aliyevunjika mguu amepona, ameoa, amehama. Huyu, Bwana Pontiani Lugome, alikuwa amekuja kiwandani kuchukua majalada ya ofisi yake, yamemwishia. Aliposikia kuna ajali, macho yalimng'aa.

"Mbichi?" akauliza.

"Bado imo kwenye mashine," akajibu Meneja kwa fahari.

Bwana Lugome alizunguka utepe mara tatu mikono nyuma. Aliinama, akachungulia, akasema "Ahaa" mara mbili na "Lo" mara moja. Miaka kumi na tisa ya ukaguzi, alisema, na ndiyo mara ya kwanza anamwona mjeruhi akiwa bado anaumia. Stamili alimtazama kama mgonjwa anavyoutazama mlango wa zahanati.

"Basi, baba, umeshaona. Nizungushe?"

"Dada yangu," akasema Mkaguzi, "mimi nimekuja, lakini sijafika."

"Hujafika wapi? Kofia yako imenigusa bega!"

"Huyo aliyekugusa ni Pontiani. Mkaguzi hafiki mpaka jalada lifunguliwe. Kuona bila jalada ni umbea. Nahitaji jalada la waridi; la waridi ndilo la viungo. La kijani ni la kuungua, la bluu la kuanguka." Akamgeukia Meneja. "Nipe moja la waridi, dakika tano tumemaliza."

Meneja alicheka kwa furaha, akamtuma karani stoo. Karani akarudi mikono mitupu. Majalada ya waridi yalikuwa yameisha Ijumaa. Mapya yalikuwa ndiyo yanaanza kutengenezwa Jumanne hii, saa tatu asubuhi, na la kwanza kabisa lilikuwa lile lililokuwa chini ya bamba. Pamoja na vidole vya Stamili.

"Mashine nyingine?" akauliza Mkaguzi.

"Hakuna."

"Katika nchi nzima?"

"Tuliomba ya pili. Ombi limekwama, halina jalada."

Mama Ubwa, kule meza ya pili, akasema bila kuinua kichwa: "Kwa hiyo hamwezi kufungua mashine mpaka mpate jalada, na hamwezi kupata jalada mpaka mfungue mashine."

"Umelieleza vizuri sana," akasema Mkaguzi. "Uliishia darasa la ngapi, mama?"

"La nne. La tano walianza kufundisha mambo haya."

Kamati iliundwa. Ilikuwa kamati ya watu wanane, na ilikaa chumba cha pili kwa sababu chumba cha kwanza kilikuwa na mtu anayeumia. Kila baada ya saa moja mjumbe mmoja alitoka, akamtazama Stamili, akatikisa kichwa, akarudi kusema hali ni ile ile. Waliazimia mambo mengi. Waliazimia apelekewe kigoda. Waliazimia apewe mlinzi wa kumfukuzia nzi, na mlinzi akaja na bunduki. Waliazimia ajaze fomu, akasomewa maswali ishirini na sita, la tisa likiwa: Je, kabla ya kuumia ulikuwa umewahi kuumia hivyo hivyo, na kama ndiyo, kwa nini hukuzoea?

"Andika bado najifunza," akasema Stamili.

Jua lilizama kiwandani kukiwa na watu wawili, yeye na mlinzi. Likachomoza wakiwa wawili vile vile, ila mlinzi ndiye aliyekuwa amelala.

Asubuhi ya Jumatano Mama Ubwa alimletea uji, akamnywesha kwa kijiko kama mzazi mpya.

"Shoga, zungusha gurudumu hilo," akamnong'oneza. "Mlinzi nitamshikilia kwa maneno."

"Na kazi?"

"Kazi gani? Kazi ndiyo iliyokushika hapo."

"Nikikaa nitapata fidia, Ubwa. Miaka kumi na miwili wananikata kwenye mshahara kwa ajili ya siku hii. Nikijitoa, nimechangia hewa."

"Na mikeka?"

Stamili alijaribu kuvichezesha vidole chini ya bamba. Cha shahada kilijibu. Cha kati kilijibu kwa mbali. Gumba lilikawia, kama mtu anayeitwa akiwa amelala nyumba ya uani.

Saa nne aliletwa daktari wa zahanati ya kiwanda, binti mmoja mwenye miwani. Hakuruhusiwa kuvuka utepe. Alimulika tochi kwa mbali, akaomba Stamili abanwe kucha aone rangi, akaambiwa kucha ni sehemu ya ushahidi. Basi akatazama tu, na alipomaliza hakumtazama Meneja, alimtazama Stamili.

"Mama, damu inapita kidogo sana. Vidole hivi vina uhai mpaka alasiri ya leo. Ikipita saa kumi, hata vikitoka, vitabaki kama vijiti."

Meneja alifunua kitabu haraka, upande wa nyuma palipo na jedwali, akapitisha kidole chake kizima juu ya mistari, uso ukamchanua.

"Dada, hizi ni habari njema! Sikiliza. Gumba lililokufa: fidia kamili. Cha shahada kilichokufa: fidia kamili. Cha kati: nusu." Akafunua ukurasa. "Sasa, kidole kilichobanwa na kupona: pole."

"Pole ngapi?"

"Pole moja. Ya maandishi." Akamsogelea mpaka utepe ukamgusa tumbo. "Nakushauri kama ndugu yako. Usiharakishe kupona. Umebakiza saa sita tu."

Hapo ndipo Stamili alipouona mtego wote ulivyosukwa, na msukaji alikuwa fundi, hapana ukili uliopitiliza. Akingoja, watamlipa kwa vidole vilivyokufa. Akijitoa, vidole vitaishi na yeye atafukuzwa. Na kwamba watamlipa, hilo nalo lilitaka jalada la waridi. Alihesabu kila upande, akajikuta anarudi pale pale alipokaa, juu ya kigoda, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine pajani, na gurudumu likimgusa ubavu kila anapopumua.

Saa nane na nusu ving'ora vilisikika. Habari za mwanamke wa kiwandani zilikuwa zimefika kwa Waziri wa Mikono na Jasho, naye hakukubali jambo zuri kama lile limpite. Alikuja na magari saba, na wapiga picha, na kwaya ya wizara. Utepe wa njano uliondolewa ukawekwa wa rangi za taifa. Stamili alifutwa uso kwa kitambaa cha mtu asiyemjua.

Waziri alimwendea mkono mbele kumpa heko. Aliutazama mkono wa kulia wa Stamili ulipo, akaduwaa kidogo, akampigapiga begani.

"Hongera sana, mama!"

"Kwa lipi, Mheshimiwa?"

"Anatania," Waziri akawaambia wapiga picha. "Hawa watu wetu wana ucheshi." Akapanda kwenye meza ya Mama Ubwa, akakanyaga hesabu za wiki nzima, akaanza.

"Ndugu wananchi! Katika nchi nyingine, mfanyakazi akiumia hupelekwa hospitali, kisha nyumbani, na huko husahauliwa. Aibu iliyoje! Sisi tumekataa. Kwetu, mfanyakazi akiumia, haendi popote! Tuko naye! Tangu jana saa tatu dola yote, kwa uzito wake wote, iko na mama huyu. Tumempa mlinzi. Tumempa kigoda. Tumempa kamati ya watu wanane, na leo nawaongezea wanne!"

Makofi. Kwaya ikaimba ubeti wa kwanza.

Saa ya ukutani, juu ya kichwa cha Waziri, ilionyesha saa tisa na robo. Stamili aliviita vidole vyake. Cha shahada kilijibu kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Cha kati kilinyamaza. Gumba lilinyamaza. Akaliita tena gumba, kwa jina lake, kama unavyomwita mtoto asilale kabla hajala. Kimya.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti. "Naomba nizungushe gurudumu."

"Mnamsikia?" akanguruma Waziri. "Hata katika maumivu anafikiria uzalishaji! Mama, wewe pumzika. Serikali itakuzungushia, mara tu taratibu zitakapokamilika. Na taratibu, ndugu zangu, nawaahidi, zitakamilika! Nimekwisha kuagiza uandaliwe mpango wa miaka mitano..."

Makofi yakalipuka.

Stamili aliuinua mkono wake wa kushoto, akalishika gurudumu. Lilikuwa la baridi. Mzunguko wa kwanza ulipigiwa makofi mengi, kwa kuwa watu walikuwa wanapigia makofi jambo jingine. Wa pili ulilia, kwaaa, na bamba likapanda, na kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Akautoa mkono. Vidole vitatu vilikuwa vya zambarau, vimelalana kama samaki wa sokoni, na kwenye kucha ya gumba palikuwa na nembo ya taifa. Aliupakata mkono ule kifuani.

"Mlinzi!" akapiga kelele Waziri. "Mkamate! Ameharibu ushahidi!"

Mlinzi alisimama wima, akatoa daftari lake, akalamba kalamu. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni.

"Namba ya jalada, Mheshimiwa?"

"Jalada gani?"

"La ajali aliyoharibia ushahidi. Siruhusiwi kukamata bila namba."

Waziri alimgeukia Meneja, Meneja akamgeukia Mkaguzi, Mkaguzi akavua kofia.

"Mheshimiwa, mimi bado sijafika."

"Basi hakuna ajali," akasema Mama Ubwa, akikung'uta vumbi la viatu vya Waziri kwenye karatasi zake. "Na kama hakuna ajali, kuna mwanamke tu hapa, ametoa mkono wake mahali ulipokuwa. Nipisheni tupite. Daktari, twende, mwanangu."

Watu wakawapisha. Hata mlinzi aliwainulia utepe. Kwa mara ya kwanza tangu Sheria ile itungwe, mfanyakazi aliyeumia alifikishwa kwa daktari siku ya pili yake, na yote ni kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua jinsi ya kumzuia bila karatasi.

Mashine iliwashwa jioni ile ile. Jalada la kwanza la waridi lilitoka likiwa na doa dogo, Bwana Lugome akalipokea kwa mikono miwili, na papo hapo akafika. Alifika rasmi. Aliikagua mashine kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, akaikuta haina mtu ndani, akaandika: *Hakuna aliyeumia*. Taarifa ile ilipanda mpaka juu. Mwisho wa mwaka Waziri alilitangazia taifa kwamba katika kiwanda cha majalada, kwa sababu ya Sheria, mfanyakazi hata mmoja hakupata madhara, na siku ya mapumziko ikaongezwa ikawa mbili.

Kwa Stamili ilikwenda barua. Ilichukua wiki tisa, na ililetwa na tarishi wa makamo kwa baiskeli. Ilisema kwamba kwa kuwa uchunguzi umeonyesha hapakuwa na ajali, imebainika kwamba Jumanne na Jumatano zile alisimama mbele ya mashine ya taifa kwa saa thelathini bila kutoa jalada hata moja. Kosa hilo linaitwa uzembe. Kazi yake imekoma. Akabidhi sare.

Tarishi alimkuta ukumbini, amekaa chini, miguu kainyoosha, miyaa ya kusukia imemzunguka. Akamsomea, kwa sababu kanuni ilitaka asomewe, kisha akamfungulia daftari la kupokelea.

"Weka saini hapa, mama. Kama mkono bado, nitaandika umekataa."

Stamili aliipokea kalamu. Cha shahada kikakaa juu yake. Cha kati kikajisogeza chini, kwa kusita. Gumba lilitetemeka, likapinda, likaja taratibu, likashika. Akaandika jina lake lote, Stamili binti Kondo, herufi moja moja, zimekwenda upande kama watu wanaotoka ngomani, na tarishi akasimama pale mpaka ya mwisho.

"Umenielewa lakini, mama?" akauliza kwa upole. "Wamekufukuza."

"Nimekuelewa, baba," akasema Stamili, akimrudishia kalamu. "Sogeza mguu, umenikanyagia ukili."